Kutoka "Kiingereza kinawamaliza watoto wetu" hadi hoja inayosimama: uchambuzi wa insha moja

Mada ya lugha ya kufundishia sekondari nchini Tanzania haingoji kuchokozwa. Itaje kwenye daladala, na kabla ya kituo kinachofuata utakuwa umesikia habari za kijana aliyefaulu vizuri darasa la saba akaanguka kidato cha pili, za mtoto aliyevishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili shuleni, na za mtoto wa jirani anayesoma Ingilishi midiamu na kuongea kama mtangazaji. Kila mtu ana msimamo, na kila msimamo una maumivu nyuma yake. Kwa mwandishi wa insha ya hoja hiyo ni neema na ni mtego. Nguvu ya kuandika anayo tele, ila nguvu hiyohiyo humfanya aamini kwamba alichokihisi amekwisha kukithibitisha.

Tuchukue aya ya kwanza ya insha ya maneno 1,200, ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa ualimu. Aya yenyewe tumeitunga, kwa kukusanya mahali pamoja makosa yanayojirudia katika insha za mada hii:

"Kiingereza kinawamaliza watoto wetu. Tangu tupate uhuru tumeng'ang'ania lugha ya mkoloni huku nchi zote zilizoendelea zikitumia lugha zao. Mwaka 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne walipata sifuri kwa sababu ya Kiingereza. Hata watafiti wa Uingereza waliochunguza shule zetu mwaka 1984 walikiri kwamba tutumie Kiswahili. Watoto wa Tanzania nzima husoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha hutupwa ghafla kwenye lugha wasiyoijua. Wanaopinga Kiswahili wana kasumba ya kikoloni. Serikali ikiondoe Kiingereza mara moja."

Sentensi saba zenye moto, na tunauthamini moto huo. Msimamo wenyewe una watetezi wazito. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kidato cha kwanza kuanzia 1985, na serikali haikulikubali pendekezo hilo. Kwa hiyo mwandishi wetu hasemi upuuzi. Anasema jambo zito kwa namna ambayo msomaji asiyekubaliana naye ataliangusha kwa dakika mbili.

Kazi ya kwanza ni kuitoa aya sentensi moja moja na kuuliza kila moja ni dai la aina gani. "Watoto wa Tanzania nzima husoma kwa Kiswahili" ni dai la hali ilivyo, nalo huthibitishwa au hukanushwa kwa kuangalia. "Walipata sifuri kwa sababu ya Kiingereza" ni dai la chanzo, na hilo halitoshelezwi na takwimu peke yake. "Kinawamaliza" ni hukumu, inayohitaji kipimo: kuwamaliza katika nini? "Ikiondoe mara moja" ni dai la nini kifanyike, nalo hubeba mzigo wa kueleza nani atafanya, lini, kwa gharama gani. Rasimu nyingi huanguka kwa sababu mwandishi ana ushahidi wa dai la aina moja na anautumia kulipia dai la aina nyingine.

Tuanze na lile jepesi, la Tanzania nzima. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Bara nako kuna shule za msingi za Ingilishi midiamu, nyingi za watu binafsi na chache za serikali. Sahihisho ni fupi: "katika shule nyingi za msingi za serikali Tanzania Bara." Linaonekana dogo, lakini msomaji wa Unguja akikutana na kosa hilo kwenye aya ya kwanza, hatakuamini kwenye aya ya tano. Isitoshe, sahihisho limekwisha kuifanyia insha kazi nyingine: sasa tunajua ni wanafunzi gani hasa tunaowazungumzia.

Sentensi ya mwaka 2012 inahitaji subira zaidi, maana ndiyo inayoonekana kuwa na ushahidi mkubwa kuliko zote. Ni kweli kwamba matokeo yale ya kidato cha nne yalipotangazwa mapema 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri, yaani daraja la kufeli. Sasa jiulize: kama chanzo kingekuwa Kiingereza, tungetarajia kuona nini? Mitihani ilikuwa kwa Kiingereza mwaka 2011, ikawa kwa Kiingereza 2012, na ikaendelea hivyo 2013. Kitu ambacho hakikubadilika hakiwezi, peke yake, kueleza anguko la ghafla la mwaka mmoja. Kilichobadilika mwaka ule ni utaratibu wa kupanga alama, na Mei 2013 serikali iliyafuta matokeo na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu wa zamani. Mwandishi anayeiacha takwimu hii kama ilivyo amempa mpinzani wake zawadi.

Je, aifute? Aifute, hata kama inauma. Takwimu kubwa inayothibitisha jambo jingine haifai kitu kwenye insha yako. Kama anataka kuonesha athari ya lugha, atafute ushahidi unaolinganisha watu waliofanana kwa mengine yote, wakatofautiana kwa lugha tu. Upo, tutaufikia.

Sentensi ya watafiti wa Uingereza ni kosa la aina nyingine, na ni kosa la hatari kwa sababu nusu yake ni kweli. Clive Criper na William Dodd walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania, na taarifa yao ya mwaka 1984 ilisema wazi kwamba kiwango kilikuwa chini mno kwa wengi kuweza kusomea masomo mengine. Hapo mwandishi yuko sahihi. Lakini taarifa hiyohiyo ilipendekeza Kiingereza kibaki lugha ya kufundishia, na kiimarishwe. Matokeo ya utafiti na mapendekezo ya watafiti ni vitu viwili. Matokeo ni yale waliyoyapima. Mapendekezo ni maoni yao juu ya nini kifanyike, na unaweza kuyakubali matokeo ukayakataa mapendekezo, mradi uiseme tofauti hiyo. Sentensi ikiandikwa hivi inapata nguvu kuliko mwanzo: "Criper na Dodd, ambao walitaka Kiingereza kibaki, walikuta kwamba wanafunzi wengi hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia." Ushahidi unaotoka kwa mtu asiye upande wako una uzito wake, basi usiuharibu kwa kumlisha maneno asiyoyasema.

Mtego wa namna hii umo pia katika Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014. Watetezi wa Kiswahili hunukuu tamko lake kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Watetezi wa Kiingereza hunukuu tamko jingine la sera hiyohiyo, la kuimarisha matumizi ya Kiingereza katika kufundishia. Ukinukuu moja, nukuu na la pili, kisha ueleze unavyouelewa mgongano huo. Ukiliacha moja, mpinzani atalisoma kwa sauti.

"Nchi zote zilizoendelea" haitaki maelezo mengi. Singapore hufundisha kwa Kiingereza, na neno "zote" limekwisha kazi yake. Hata ukiandika "nyingi", bado hujaonesha kwamba lugha ndiyo iliyoleta maendeleo. Hoja hii itolewe nzima.

Kufikia hapa mwandishi ameona sentensi nne kati ya saba zikibomoka, na wengi ndipo hukata tamaa au hurudi kwenye jazba. Lakini bado hajafika kwenye kiini cha insha yake, nacho kimejificha ndani ya sentensi anayoipenda kuliko zote, ile ya kasumba.

Ni nani hasa anayepinga Kiswahili sekondari? Ni mama anayeamka saa kumi usiku kukaanga vitumbua ili alipe ada ya Ingilishi midiamu. Ukimwambia ana kasumba, umemtukana, na hujamjibu. Hoja yake ni kwamba bila Kiingereza mwanawe atabaki nyuma. Ni hoja ambayo Mwalimu Nyerere mwenyewe aliitia nguvu miaka ya 1980, aliposema kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Mwandishi aiandike hoja hiyo kwenye karatasi kwa namna ambayo yule mama angesema, "Ndiyo, hivyo ndivyo ninavyosema." Kisha aikate. Ina vipande viwili. Cha kwanza: mtoto anahitaji Kiingereza. Cha pili: njia bora ya kukipata ni kusomea kemia, historia na hisabati kwa Kiingereza, kwa sababu kikibaki somo tu kitakufa.

Kipande cha kwanza mwandishi anakikubali. Akiulizwa vizuri atakiri kwamba naye anataka wadogo zake wajue Kiingereza. Ugomvi wote, kumbe, uko kwenye kipande cha pili. Hilo linaigeuza insha. Haiwi tena Kiswahili dhidi ya Kiingereza, au uzalendo dhidi ya ukoloni. Inakuwa swali moja linaloweza kuchunguzwa: je, kuifanya lugha kuwa ya kufundishia ndiyo njia nzuri ya kuijua, na mwanafunzi hulipa nini kwa njia hiyo? Muda uliotumika kumsikiliza mpinzani umempa mwandishi mada. Tunaamini hatua hii ina thamani kuliko nyingine zote katika uandishi wa hoja, na ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kuwa wengi huiweka hoja pinzani mwishoni kama aya ya heshima.

Swali likishakuwa hilo, utafutaji wa ushahidi unakuwa na macho. Herbert Marsh, Kit-Tai Hau na Chit-Kwong Kong waliwafuatilia wanafunzi 12,784 katika sekondari 56 za Hong Kong, wengine wakisoma kwa Kichina na wengine kwa Kiingereza baada ya shule ya msingi, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2000. Waliosoma kwa Kiingereza walirudi nyuma sana katika historia, jiografia na sayansi, na kwa kiasi kidogo katika hisabati. Katika somo la Kiingereza lenyewe walipata faida ndogo. Ushahidi huu unakata pande zote mbili, na mwandishi atashawishika kuificha ile faida ndogo. Asiifiche, kwani ndiyo inayoibeba hoja yake: sasa anaweza kusema Kiingereza kiliongezeka kidogo kwa gharama kubwa ya masomo mengine, na msomaji apime mwenyewe kama gharama hiyo inalipika.

Hofu ya "kitakufa" inajibiwa na jaribio lililoanza mwaka 1970 huko Ife, Nigeria, chini ya Babs Fafunwa. Kundi moja lilisoma kwa Kiyoruba miaka yote sita ya shule ya msingi, na Kiingereza likafundishwa kama somo na mwalimu maalumu. Kundi jingine lilihamia Kiingereza baada ya miaka mitatu. Lile la Kiyoruba lilifanya vizuri zaidi katika masomo, na kwenye Kiingereza halikuachwa nyuma. Angalia maneno "mwalimu maalumu". Mwandishi asiye makini atayaruka. Aliye makini ataona kwamba hilo ni sharti, na kwamba ushahidi wa Ife hauungi mkono kuondoa Kiingereza darasani na kukiacha kwa mwalimu yeyote aliyepo. Ataona pia kwamba Ife ilikuwa shule ya msingi, na kwa watoto wale Kiyoruba kilikuwa lugha ya mama. Kwa mtoto wa Kisukuma au Kiha, Kiswahili ni lugha ya pili, ingawa ameshasomea kwa miaka saba. Tofauti hizi ziandikwe ndani ya insha kwa sentensi mbili tatu.

Kwa Tanzania yenyewe zipo tafiti za darasani, zikiwemo za Halima Mwinsheikhe katika somo la biolojia na za LOITASA, mradi wa kuchunguza lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini ulioanza mwaka 2002. Zimeonesha kwamba wanafunzi wanaofundishwa kwa Kiswahili huuliza, hujibu na hubishana zaidi. Zilikuwa za shule chache na muda mfupi. Basi kitenzi kifuate kipimo: ushiriki "uliongezeka" katika shule zile, na hilo "linaashiria" kwamba uelewa unaweza kuongezeka. "Imethibitika" ni neno la kuogopa, na kwenye insha ya maneno 1,200 huenda usilihitaji hata mara moja.

Dai kuu sasa linaweza kuandikwa, na linaandikwa hapa katikati ya kazi. Mwanzoni lilikuwa "Serikali ikiondoe Kiingereza mara moja." Sasa ni hili: "Katika sekondari za serikali Tanzania Bara, masomo ya sayansi na sayansi ya jamii kidato cha kwanza hadi cha nne yafundishwe na kutahiniwa kwa Kiswahili, na Kiingereza kifundishwe kama somo na walimu waliofunzwa kwa kazi hiyo, kwa sababu mwanafunzi hupoteza katika masomo hayo zaidi ya anachopata katika Kiingereza." Ni refu, na limepoa. Lakini kila neno lake lina kitu kinacholishikilia. Hisabati haimo, kwa kuwa ushahidi wa Hong Kong huko ni hafifu zaidi. Vidato vimetajwa. "Mara moja" imeondoka, kwa sababu Malaysia ilihamishia hisabati na sayansi kwenye Kiingereza mwaka 2003, kisha 2009 ikatangaza kurudi nyuma. Kubadili lugha ya shule ni kubadili vitabu, mitihani na mafunzo ya walimu, na ukikosea unalipa mara mbili.

Mgawanyo wa maneno tungeupanga hivi: 150 kwa utangulizi na dai, 150 kwa historia kuanzia Tume ya Makweta, 300 kwa hali ya darasani, 400 kwa hoja ya yule mama na jibu lake, 150 kwa masharti na gharama, 50 kwa kufunga. Hoja pinzani imepewa sehemu kubwa kuliko zote, na iko katikati, mahali ambapo ugomvi upo. Mwanzo wake unaweza kuwa hivi:

"Mzazi anayedai Kiingereza hatetei ukoloni. Anajua kwamba mwanawe atahitaji lugha hiyo chuoni na kazini, na yuko sahihi. Tunachobishania ni njia. Huko Hong Kong wanafunzi waliosoma kwa Kiingereza walipata nyongeza ndogo katika lugha hiyo, wakarudi nyuma sana katika sayansi, historia na jiografia. Nao walikuwa na vitabu na walimu ambao shule nyingi za kata hazina. Mtoto wa shule ya kata hana sababu ya kutarajia nafuu zaidi."

Sentensi ya mwisho ya aya hiyo ni makisio ya mwandishi. Anaruhusiwa kukisia, mradi msomaji aone ngazi aliyopandia. Hapa ngazi ni uhaba wa vitabu na walimu, na sentensi iliyotangulia imeitaja.

Kauli nyingine mbili zinazosikika kwenye daladala, kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi na kwamba shule za Ingilishi midiamu ndizo zinazoongoza mitihani, zinastahili jibu fupi. Kwa ya kwanza: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990, na usanisinuru umefundishwa shule za msingi miaka mingi. Ila kamusi si kitabu cha kiada, na mwandishi akiri kwamba vitabu vya kidato cha tatu na nne vingepaswa kuandikwa upya. Kwa ya pili: shule hizo huanza Kiingereza chekechea, huchuja wanafunzi, huwa na madarasa madogo. Haziwezi kutueleza athari ya lugha peke yake. Ni kosa lilelile la takwimu ya 2012, safari hii likiwa upande wa pili, na mwandishi aliyeifuta ile ya kwake ana haki ya kulitaja.

Limebaki pengo moja, nalo ni kubwa. Ukifundisha kwa Kiswahili hadi kidato cha nne, kidato cha tano kitakuwaje? Msomaji mkali atasema kwamba hujaliziba shimo, umelisogeza miaka minne mbele. Mwandishi ana njia mbili. Anaweza kudai Kiswahili hadi chuo kikuu, kama Tume ya Makweta ilivyotaka hatimaye. Lakini ushahidi alioukusanya ni wa vidato vya chini na shule za msingi, na dai lake litaukimbia ushahidi. Au anaweza kukubali kwamba shimo lipo, na aeleze kwa nini ni afadhali likutwe hapo: mwanafunzi wa kidato cha tano ameshajifunza Kiingereza kama somo miaka minne zaidi, anaingia akiwa na sayansi aliyoielewa, na wengi wanaoishia kidato cha nne hawatalikuta kabisa. Sisi tungechagua njia ya pili, na tungeiandika hivi katika ile sehemu ya gharama: "Pendekezo hili haliondoi mpito wa lugha. Linausogeza hadi kidato cha tano, kwa wanafunzi wachache na walioiva zaidi, na hao watahitaji muhula wa maandalizi ambao leo haupo."